Hima ya Baharini: Ziara ya Kisiwa cha Misali

Kijana mmoja niliyemsomesha juzuu zake zote chuoni, ambaye sasa ana mke na watoto watatu na riziki yake ni mshipi na madema, alinijia siku moja baada ya sala ya alasiri akakaa pembeni mpaka watu wakapungua. Kisha akasogea, akaniamkia, akasema: "Shekhe, nina swali, lakini nataka jibu la kitabu, sitaki la kunifurahisha." Nikamwambia, sema mwanangu. Akasema: "Samaki aliyevuliwa ndani ya mpaka wa Misali, pale palipofungwa, ni halali au haramu?"

Nilinyamaza. Na sababu ya kunyamaza kwangu haikuwa uzito wa swali. Jibu la swali lile nilikwisha kulitoa zamani, mbele ya watu wengi, yeye mwenyewe akiwa mtoto mdogo wa kushika ubao. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilipokitangaza Kisiwa cha Misali pamoja na bahari inayokizunguka kuwa eneo la hifadhi, mimi nilikaa katika darsa ya usiku nikasema kwamba bahari ni ya Mwenyezi Mungu na hakuna kiumbe mwenye mamlaka ya kuifunga. Nikaitaja na ile hadithi aliyoipokea Abu Daud, inayowafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Watu walifurahi sana. Wavuvi walinishika mkono mmoja baada ya mmoja mpaka mlangoni, nami nikaenda kulala nikijiona nimeisema haki.

Sasa huyu kijana ananiuliza, na mimi nakumbuka kuwa siku ile nilipotoa hukumu juu ya Misali sikuwa nimekanyaga Misali hata mara moja. Mtu aliyezaliwa Pemba, akakulia Pemba, akawasomesha watoto wa wavuvi kwa zaidi ya miaka thelathini! Nikamwambia: "Niache mpaka bamvua lijalo. Nitakwenda mwenyewe, nikirudi nitakujibu."

Tulitoka Wesha, bandari ya Chake Chake, asubuhi mapema maji yakianza kutoka, katika mashua ya mota ya mtu tunayejuana naye. Ghuba ya Chake ni ndefu, imezungukwa na mikoko, na mtu akiiangalia kutoka majini ndipo anapofahamu kwa nini Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Jazirat al-Khadhraa, kisiwa cha kijani. Mkono wetu wa kulia, mwisho wa rasi, tuliiona miti ya Ras Mkumbuu, ambako yapo magofu ya msikiti wa mawe na makaburi yenye minara. Nilimwomba nahodha apunguze mwendo, kwani mahali hapa pana haki ya kuangaliwa.

Msafiri na mwanahistoria Al-Masudi, mwenye kitabu cha Muruj adh-Dhahab, alifika katika kisiwa cha bahari ya Zanj kilichoitwa Qanbalu, na safari yake ya mwisho kutoka huko kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria, sawa na 916 Miladia. Anasema wenyeji wake walikuwa Waislamu waliosema lugha ya Zanj. Wataalamu wengi wanaona Qanbalu hiyo ni Pemba, na wapo wanaoonyesha kidole Ras Mkumbuu penyewe. Al-Masudi alikuwa amesafiri bahari nyingi, ya China na ya Khazar na ya Rum na ya Kulzum, na akakiri kuwa hakuona yenye hatari kuliko hii yetu. Akawataja kwa majina manahodha aliosafiri nao ambao baadaye bahari hii iliwameza. Basi tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita kuna Muislamu anayesali ufukweni hapa na kutazama maji yale yale niliyokuwa nikiyatazama mimi.

Na kuna jambo jingine katika magofu yale ambalo wengi hulipita. Misikiti ya kale ya pwani yetu imejengwa kwa bahari. Mihrabu zake zilichongwa kwa tumbawe laini lililokatwa likiwa bichi chini ya maji. Mfano ni Kizimkazi kule Unguja, ambako maandishi ya mihrabu yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Na chokaa iliyoshika kuta hizo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuri. Simlaumu aliyejenga nyumba ya Mwenyezi Mungu, Mungu amlipe kheri. Nasema tu kwamba tumeila miamba yetu kwa muda mrefu, na iliweza kutustahamilia kwa sababu tulikuwa wachache na mikono yetu ilikuwa mifupi.

Tulipokwisha kuipita rasi, mkondo wa Pemba ukafunguka mbele yetu, buluu ya kutisha. Kina chake katikati hufika mita 800, na ndiyo maana nguru na jodari hupita karibu sana na pwani ya magharibi. Pale ukingoni, kabla ya shimo hilo, ndipo alipokaa Misali: kisiwa kidogo cha mawe na msitu, chenye urefu ambao mtu mzima huumaliza kwa miguu kabla chai yake haijapoa sana, na mchanga mweupe unaoumiza macho. Hakina mji wala kijiji. Wanaolala pale ni walinzi, na wavuvi wa dago wanaokuja na maji yao katika madumu, wakapiga vibanda vya makuti kwa siku kadhaa, kisha wakarudi kwao na samaki.

Kuhusu jina lake, wazee wa Pemba wana kisa ambacho kila mvuvi anakijua. Husema kwamba Nabii Khidhr (A.S.) alifika pale zamani akawakuta wavuvi, akawaomba msala ili asali. Wavuvi wakasema hawana. Akajibu kuwa basi kisiwa hiki chenyewe ndicho kitakuwa msala wake, kwani umbo lake ni kama msala uliotandikwa kuelekea kibla. Na ni kweli kwamba Makka iko kaskazini yetu sawasawa, karibu katika mstari ule ule wa longitudo. Anayesali Misali huelekeza uso wake kaskazini moja kwa moja, mpaka Hijazi.

Mimi ni mwalimu wa dini na siwezi kukitia kisa hiki katika mizani ya hadithi, kwani hakina sanad. Wala simo katika wale wanaopeleka ubani katika mapango ya Misali na kuomba huko yasiyoombwa ila kwa Mola. Jambo hilo tumelikemea na tutaendelea kulikemea. Lakini nilipokaa chini ya mti ule mchana nikakifikiri kisa chenyewe, niliona wazee wetu hawakumchagua Khidhr bure. Ndugu msomaji, rejea Sura ya Kahf. Nabii Musa (A.S.) alimjulia wapi mja yule mwema? Pale ambapo samaki waliyemchukua kuwa chakula alipowaponyoka akajipenyeza baharini. Na jambo la kwanza alilolifanya yule mja mbele ya Musa lilikuwa nini? Alikitoboa chombo cha watu maskini wanaofanya kazi baharini. Musa akakasirika, kama ambavyo yeyote kati yetu angekasirika. Baadaye ndipo akaelezwa kuwa mbele yao palikuwa na mfalme anayenyang'anya vyombo kwa nguvu, na kwamba tundu lile ndilo lililowabakishia maskini wale chombo chao.

Wazungu nao wana kisa chao cha Misali. Wanasema nahodha wa maharamia William Kidd alizika hazina yake hapa. Bwana huyo alinyongwa London mwaka 1701, na yanayojulikana juu yake ni kwamba mwaka 1697 alikuwa katika visiwa vya Ngazija akisafisha jahazi lake huku mabaharia wake wakifa kwa maradhi. Hazina ya Misali hajaiona mtu. Nahodha wetu aliponisimulia habari hiyo alicheka, akasema: "Shekhe, wangalichimba hapa kwa ajili ya hiyo dhahabu, nasi tungalibaki na mashimo ya kasa na ya Kidd."

Sasa tuje kwenye historia ya karibu, nayo ndiyo iliyonileta.

Zamani Misali ilijilinda yenyewe. Ngalawa ya tanga haifiki kila siku. Kusi likivuma, bahari hujifunga bila ya sheria. Mvuvi wa madema huchukua anachoweza kubeba. Si kwamba wazee wetu walikuwa malaika, kwani utupa uliozwa katika vidimbwi vya miamba tangu zamani, nao huua kikubwa na kidogo. Lakini baada ya miaka ya 1960 zikaja nyavu za nailoni, zikaja mota, ikaja miwani ya kuzamia na bunduki za kupigia samaki, likaja juya linaloburutwa juu ya matumbawe na majani ya bahari mpaka likaacha jangwa. Katika sehemu nyingine za pwani ya Tanganyika ikaingia na baruti, ambayo kwa mlipuko mmoja huua samaki wa leo na nyumba ya samaki wa kesho. Wavuvi wa Misali, ambao idadi yao inapita elfu moja kutoka shehia nyingi za Pemba, wakaanza kuona kwamba safari ni ndefu zaidi na kapu ni jepesi zaidi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, likaja jambo la pili. Palitokea mpango wa kukitoa kisiwa kwa mwekezaji ajenge hoteli ya kifahari, na maana yake ilikuwa dhahiri shahiri: dago lingekwisha, na mvuvi angetazama msala wa Khidhr kutoka mbali. Wavuvi walikataa. Walizungumza, walilalamika, wakapata na wataalamu wa kuwasemea kuwa miamba ile ni ya thamani kubwa. Mpango ukaanguka, na badala yake mwaka 1998 ikatangazwa hifadhi: kisiwa na maji yake vikae chini ya ulinzi, wavuvi waendelee kuvua kwa zana zisizoharibu, na sehemu ndogo tu, kiasi cha kilomita za mraba 1.4, ifungwe kabisa asivue mtu. Mwaka 2005 hifadhi hiyo ikaingizwa katika eneo kubwa zaidi, linalochukua bahari ya magharibi ya Pemba.

Nataka msomaji auone udogo wa sehemu ile iliyofungwa. Mimi katika darsa yangu nilisema "wamefunga bahari." Kumbe walifunga ua mmoja katika mji mzima. Kenya walipoanzisha hifadhi za Malindi na Watamu mwaka 1968, uvuvi ndani ya mipaka ya hifadhi zile ulikatazwa wote. Katika Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, mwamba uliotengwa mwaka 1994 hauvuliwi pia. Mafia mwaka 1995 wakachukua njia ya kuchanganya, na watu wakabaki na vijiji vyao ndani ya hifadhi. Misali ni ya aina hii ya pili, na laiti ningaliuliza kabla ya kusema.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja watu wakatufundisha dini yetu wenyewe, na hili nalisema bila ya haya. Shirika la CARE lililokuwa likisaidia hifadhi liligundua kuwa mabango na semina za sheria haziwaingii wavuvi. Likashirikiana na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa na Bwana Fazlun Khalid, mzaliwa wa Ceylon, na wakaandaa mafunzo kutokana na Qur'ani na fiqhi kwa ajili ya maimamu, walimu wa vyuo na wavuvi. Baadhi ya wenzangu walihudhuria. Mimi sikwenda, nilikuwa nimekwisha kusema maneno yangu hadharani, na mtu aliyekwisha kusema hadharani masikio yake huwa mazito. Walichokifundisha kilikuwemo katika vitabu vilivyokuwa juu ya rafu yangu.

Hima! Neno hili tunalisoma kila mwaka na wanafunzi wakubwa, tunalipita kama mtu apitaye mlango wa nyumba asiyokuwa na shughuli nayo. Katika zama za Jahiliya mkubwa wa kabila alikuwa akijitwalia malisho mazuri yawe ya wanyama wake peke yake. Bwana Mtume (S.A.W.) akaibatilisha hima ya namna hiyo, akaifanya kuwa ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake tu, na yeye mwenyewe akalitenga bonde la Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Imamu Nawawi katika Minhaj, kwenye mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, ameeleza kuwa kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba imamu anaweza kutenga kipande cha ardhi isiyo na mwenyewe kwa malisho ya wanyama wa jizya na wa zaka, na wanyama waliopotea, na wanyama wa mtu dhaifu asiyeweza kwenda mbali kutafuta majani. Akaongeza mawili: kwamba anaweza kuiondoa hima hiyo pakitokea haja, na kwamba hana ruhusa ya kujifanyia hima yeye nafsi yake.

Mtu dhaifu asiyeweza kwenda mbali. Mara ngapi nimeyasomesha maneno haya? Katika Pemba mtu huyo ni nani, kama si mwenye ngalawa? Mwenye mashua kubwa na mashine na barafu, mwamba wa Misali ukifa leo, atakwenda kwenye mkondo, atakwenda mpaka pwani ya bara, atauza chombo afungue duka. Mwenye ngalawa hana pa kwenda.

Na kama maneno ya Minhaj hayatoshi, ipo habari ya Sayyidna Umar (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari. Alimweka huru wake aitwaye Hunayy kuwa mlinzi wa hima, akamwusia aogope dua ya aliyedhulumiwa, amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, lakini awazuie wanyama wa Ibn Auf na Ibn Affan. Angalia ni akina nani hao! Masahaba wawili watukufu, waliobashiriwa Pepo. Umar akatoa sababu kwamba hao wanyama wao wakifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao, ama yule maskini wanyama wake wakifa atamjia na watoto wake wakilia. Na akakiri kuwa wenyeji wanamwona amewadhulumu, kwa sababu nchi ile ni yao, waliipigania tangu Jahiliya. Hakuwadharau kwa kulalamika kwao.

Hapa ndipo nilipokosea mwaka 1998. Hadithi ya maji na malisho niliitumia kuufungua mlango, bila ya kuuliza ni nani atakayeingia kwanza ukiwa wazi. Shirika bila ya ulinzi ni fungu la mwenye nguvu. Najua kuwa kuichukua hukumu ya malisho kuipeleka baharini ni kiasi, na mwanachuoni mwingine anaweza kukipinga. Apinge kwa hoja, nami nitamsikiliza.

Mchana, maji yakiwa yametulia, mlinzi mmoja, kijana mwenye adabu, aliniuliza kama nataka kuona. Nikamwambia macho yangu ni ya uzee. Akasema: "Chini ya maji kila kitu huwa kikubwa, Shekhe." Basi nikavua kanzu, nikafunga kikoi, nikavaa ile miwani, nikashika ubavu wa mashua kama mtoto anayefunzwa kuogelea, nikautia uso wangu majini.

Sitajaribu kusimulia yote. Niliona vichaka vya mawe yaliyo hai, vya rangi ya zambarau na ya manjano, na samaki wadogo wakiingia na kutoka kama wanafunzi wakati wa kengele. Niliona pono wakiguguna mwamba, na sauti yao ikisikika wazi. Na chini ya jabali nilimwona chewa, mkubwa kama mtoto wa miaka sita, ananitazama bila ya hofu. Nina miaka sitini na kitu na nimekula chewa maisha yangu yote, lakini wa namna ile akiwa hai sikuwahi kumwona. Mlinzi alinieleza jambo ambalo wavuvi wengi hawalijui: chewa huanza maisha yake akiwa jike, na akikua sana ndipo wengine hugeuka kuwa madume. Basi ukiwavua wakubwa wote umeua waume wa kijiji kizima. Na jike kubwa hutaga mayai mengi kuliko majike madogo kadhaa kwa pamoja. Mayai na vifaranga huchukuliwa na mkondo, hutoka nje ya mpaka, hukua mbele ya madema ya watu. Ua lile dogo lililofungwa ndilo kisima cha maji yaliyo wazi.

Niliona na mauti pia. Sehemu kubwa ya mwamba wa maji mafupi ilikuwa mifupa mitupu iliyoota majani. Mwaka ule ule wa 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipanda kupita kiasi, na matumbawe ya Pemba, kama ya kwengineko, yakapauka na mengi yakafa; mwaka 2016 yakapauka tena. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mmea mdogo zaidi ndani ya mwili wake, na mmea huo ndio unaomlisha. Maji yakiwa moto mno mnyama humtoa mwenzake, akabaki mweupe, na joto likikawia hufa kwa njaa. Joto hilo halikutoka Pemba. Mwenye ngalawa wa Wesha hakuchoma makaa ya mawe wala mafuta ya kutosha kuichemsha bahari, naye ndiye anayelipa.

Tulipotoka majini tulikaa na wavuvi wa dago, tukala wali na tasi wa kuchoma. Mzee mmoja, mkubwa wangu kwa miaka michache, alinitambua. Akasema: "Wewe ndiye uliyetuambia zamani bahari haifungiki." Nikasema ndiye. Akasema: "Nilikuamini. Nikaingia usiku mara tatu." Sikupata la kumjibu. Akaendelea mwenyewe, bila ya hasira: "Usiku wa mwanzo nilipata samaki wengi mpaka nikaogopa. Nikajiuliza, kwa nini wako hapa na kwengine hawako?"

Nikamkumbusha kisa cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, kilichomo katika Sura ya A'raf. Wafasiri wengi wanasema mji huo ni Ayla, palipo Aqaba ya leo. Walikatazwa kuvua Jumamosi, na siku hiyo ndiyo samaki walikuwa wakija juu juu waziwazi, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanasimulia kuwa walifanya hila ya kutega Ijumaa na kukusanya Jumapili, wakasema hatukuvua Jumamosi. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Madema," akasema. "Kumbe hila ya madema ni ya zamani hivyo!" Kwa sababu hivyo hasa ndivyo wengine wanavyofanya: huweka madema juu ya mstari wa mpaka, mlango ukiangalia ndani.

Lakini naye alikuwa na lalamiko, na nililiandika. Alisema sheria humkamata mwenye ngalawa kwa wepesi, kwa kuwa haendi mbio. Mashua zenye mota zinazotoka mbali huja usiku wa giza, hupita na nyavu zao, na alfajiri hazipo. Walinzi ni wachache na usiku ni mwingi. Akauliza pia juu ya fedha wanazolipa watalii kuingia kisiwani, kwamba wavuvi wanataka kusomewa hesabu zake barazani, fungu la vijiji ni lipi na limefanya nini. Hayo ni maswali ya haki. Hima ya Umar iliwazuia matajiri kwanza. Hifadhi itakayomkamata mwenye mshipi ikamwacha mwenye juya itakuwa imerudi kwenye hima ya Jahiliya, hata ikiandikwa kwa maneno mazuri namna gani.

Jioni nilionyeshwa mashimo ya kasa mchangani, yaliyopigiwa vijiti na kuandikwa tarehe. Kasa hupanda usiku, hufukia mayai mia na zaidi, hurudi baharini asiwaone tena. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka wenyewe wakakimbilia maji. Nilisimama pale kwa muda, kwani nilikuwa nikiwafikiria watoto wengine. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, kusini ya Pemba hii hii, watu tisa walikufa kwa kula nyama ya kasa yenye sumu, wanane kati yao watoto. Novemba 2021 walikuwa wamekufa wengine saba. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii kwa wingi wamemharamisha kasa, na sheria ya nchi inamlinda. Tuliyasoma hayo msikitini, lakini vyungu viliendelea kupikwa nyuma ya msikiti na sisi harufu tukiijua. Siwezi kuwatupia lawama maiti wala wazazi wao. Nauliza tu ni darsa ngapi nilizozitumia kueleza kasa, na ngapi kueleza mambo ambayo hayana mtu wa kufa kwa ajili yake.

Tulisali magharibi juu ya mchanga, tukiwa kumi na mmoja, wavuvi na walinzi katika safu moja. Nilisalishwa na yule mzee, nilikataa kutangulia. Kisha tukarudi Wesha gizani, na nahodha akiongoza kwa taa za Chake.

Yule kijana alikuja siku ya pili. Nikamwambia: samaki mwenyewe si nyamafu, maiti wa baharini ni halali popote alipovuliwa. Lakini kumvua pale ni kosa na ni dhambi, kwa sababu umekwenda kinyume na amri iliyowekwa kwa maslaha ya watu, na umekula fungu la aliye dhaifu kuliko wewe, na pengine fungu la mwanao mwenyewe. Alinyamaza, akakuna mchanga kwa kidole. Kisha akauliza: "Na wenye mashua kubwa, Shekhe, nao umewaambia?"

Nikasema bado.

Ijumaa iliyofuata niliomba ruhusa nizungumze baada ya sala. Niliyataja maneno yangu ya mwaka 1998 kama nilivyoyasema, nikasema nimekosea na nikaeleza nilipokosea, kisha nikasoma habari ya Hunayy na nikawataja wenye juya kwa kazi yao, bila ya majina, ijapokuwa wawili kati yao walikuwa wamekaa safu ya kwanza. Watu walitoka kimya. Mlangoni wavuvi wachache walinishika mkono, na mmoja katika wale wawili alinipita bila ya kusalimia. Yule mwengine alisimama, akaniuliza kama hiyo Minhaj ipo kwa Kiswahili.

Nimempa siku za Jumatatu na Alhamisi, baada ya isha. Mpaka sasa amekuja mara nne.